Dawa ya Saruji

Hakuna mwanamke anayeijua saruji kunizidi mimi. Nimeisomea tangu jana asubuhi.

Mwanangu fundi alikuja kunisakafia chumba, baada ya miaka mitatu bila kunitembelea. "Punje za saruji hung'ang'aniana, mama. Hii huziachanisha," alisema, akimimina kifuniko kimoja cha dawa. Zege gumu likalegea kama uji, bila kuongezwa maji. "Ila ikizidi, zege haligandi upesi. Na likiganda tu, naondoka."

Leo sakafu bado ni tope. Alichovya kidole, kikazama mpaka pingili ya pili.

"Mama, uliongeza dawa?"

"Mimi na dawa wapi na wapi? Waulize panya."

"Haya, shika chai."

Nikanyoosha mkono. Vidole vitatu bado vilikuwa na rangi ya kahawia, ileile ya dawa. Kikombe hakukiachia.