Picha Isiposhikwa

Tangu kiharusi kimnyang'anye mama yake sauti, Mwanaidi alikuwa akimwundia programu kwa Python, lugha ya kompyuta: dirisha la vitufe vyenye picha, ukibonyeza kimoja kinatamka neno. Lakini kila akiifungua, vitufe vilitokea vitupu.

Shebe, shemeji yake, akaisoma programu mstari kwa mstari.

"Shemeji, unaileta picha halafu hakuna anayeishika. Kompyuta inaona haina mwenyewe, inaitupa. Kiambie kitufe kiishike."

Mwanaidi akaongeza mstari mmoja. Kikombe kikatokea, kisha kitanda, kisha mkono uliolazwa kifuani.

Aliposogezewa kompyuta, mama aliviruka kikombe na kitanda. Akabonyeza ule mkono, na sauti ya Mwanaidi, aliyoirekodi mwenyewe, ikasema: "Asante, mwanangu."

Kidole hakikuondoka. Kilibaki pale pale, kimeishika picha.