Supu ya Ng'ambo ya Barabara

Tok. Tok. Tok. Mchi uligonga kinu upande wa pili wa ukuta, taratibu, kama mtu asiyetaka kuamsha nyumba. Kulikuwa hakujapambazuka bado.

Fundi viatu aliketi kitandani akasikiliza. Chumba chake kilipakana na jiko la Mama Upawa, na kwa miaka ishirini alikuwa akijua saa kwa milio ya jiko lile. Mama Upawa hakuwa na sababu ya kutwanga mapema hivi. Tangu mkahawa mpya ufunguliwe ng'ambo ya barabara, meza zake sita zilibaki na mteja mmoja tu, naye ni Fundi.

Wengine wote walikuwa wamevuka. Kwanza walisema wanakwenda kuonja tu. Wakaonja, wakakaa huko huko.

Hata Fundi alikwenda mara moja, kwa kujificha. Kijiko cha kwanza cha supu kilimfanya ageuke nyuma, kama vile Mama Upawa amesimama begani mwake. Alimaliza bakuli kwa aibu, akarudi kwa kupitia uchochoroni. Mama Upawa alijua. Alimwekea tu kipande cha pili cha mkate siku iliyofuata, maana Fundi hupenda kufuta bakuli mpaka ling'ae.

Jana, mwanawe Fundi alimkuta hapo hapo mezani.

"Baba, miaka ishirini kiti kilekile, bakuli lilelile! Hata mbuzi hubadili kichaka. Kesho mchana nawapeleka watoto kule kupya. Twende wote."

"Nendeni tu. Mimi nikihama, kiti hiki kitanililia."

Mwanawe alicheka akaenda zake. Mama Upawa alikuwa akifuta meza ambayo ilikwisha kuwa safi. Mkono wake ulisimama.

"Hivi wajukuu wako ni wangapi, Fundi?"

"Watatu."

"Na yule mdogo, pilipili anaiweza?"

"Wapi! Akiisikia harufu tu, machozi."

Mama Upawa aliitikia kwa kichwa, akatazama ng'ambo ya barabara kwa muda mrefu. "Yule binti wa kule," alisema, "hajui hata anachowalisha watu."

Alisema bila hasira. Hilo ndilo lililomnyima Fundi usingizi.

Sasa mchi ulinyamaza. Mlango wa nyuma ulilia kidogo. Fundi alichungulia dirishani akamwona Mama Upawa, mtandio umemfunika mpaka kwenye nyusi, akivuka barabara na kifurushi cha kitambaa amekikumbatia kifuani. Hakwenda mlango wa mbele wa mkahawa mpya. Alizunguka uani, akatoa ufunguo, akaingia.

Ufunguo! Ameupata wapi?

Fundi alitoka bila kufunga kamba za viatu, yeye ambaye huwagombeza wateja kwa jambo hilo hilo. Njiani alijaribu kujituliza. Huyu ndiye mama aliyemletea uji kitandani mwezi mzima alipovunjika mguu, na kila asubuhi aliupuliza upoe kabla ya kumpa bakuli. Mtu wa namna hiyo hawezi. Lakini akazikumbuka zile meza tupu. Alimwona tena akifuta meza ambayo hakuna aliyeikalia, siku baada ya siku, na hakuwa na hakika tena ni kitu gani mtu aliyeachwa na wote anaweza na kipi hawezi.

Dirisha la jiko lilikuwa na mwanga. Sufuria kubwa ilikuwa tayari motoni, ile itakayolisha watu mchana kutwa. Hapakuwa na mtu mwingine. Mama Upawa alifungua kitambaa, akachota unga mweusi kwa vidole vitatu, akaunyunyiza ndani ya supu. Akakoroga. Akafikiri kidogo, kisha akaongeza. Midomo yake ilikuwa ikicheza, kama mtu anayehesabu au anayeomba dua.

Fundi aliwaona wajukuu zake wamepanga vijiko.

Aliusukuma mlango kwa bega. "Mama Upawa, acha!" Alimkamata kifundo cha mkono, upawa ukaanguka sakafuni. "Wajukuu zangu watakula humo!"

"Najua," alisema Mama Upawa, akijaribu kuutoa mkono wake. "Ndiyo maana leo pilipili nimeipunguza. Fundi, unaniumiza."

Hakumsikiliza. Alishika matambara mawili yaliyokuwa mezani, akaikamata sufuria kwa masikio yake, akaanza kuiinamisha.

"Usimwage!"

Mlango wa stoo ulikuwa umefunguka. Binti mwenye mkahawa alisimama pale na kapu la vitunguu, mtoto mchanga amelala mgongoni mwake. Aliutazama unga ndani ya kitambaa, akamtazama Fundi, na uso ukamshuka kama wa mtu aliyefumaniwa.

"Mzee wangu, nakuomba," alisema. "Usimwambie mtu yeyote."

Fundi aliiachilia sufuria ikakaa sawa motoni. Kumbe wako wawili.

Binti alitua kapu, akauokota upawa, akausuuza vizuri, akamrudishia Mama Upawa kwa mikono miwili.

"Tangu niugue, mama, mdomoni mwangu chumvi na maji ni kitu kimoja," alisema. "Hata kama mzee huyu atasema, ufunguo ubaki kwako, kesho uje tena unikolezee supu."