Punda, Mhubiri na Siku ya Saba

Huko Amerika, enzi viwanda vilipoanza kujaa kando ya mito, alikuwepo Punda aliyezungusha kinu cha mahindi cha Dubu. Yeye na mwenzake Ng'ombe walifungwa nira kabla jua halijachomoza, wakafunguliwa giza likishaingia, siku zote saba za juma. Punda alichoka hata akawa anasinzia huku anatembea.

Walipoomba siku moja ya kupumzika, Dubu alimwita Bata Mzinga, mhubiri mwenye sauti nene.

"Vumilieni, ndugu zangu," alihubiri Bata Mzinga. "Mtapumzika mbinguni. Kazi ni ibada. Hata Muumba wetu alifanya kazi."

Punda akainua kichwa taratibu. "Mchungaji, alifanya siku ngapi?"

"Sita."

"Na ya saba?"

Bata Mzinga akajibu kwa sauti ndogo: "Alipumzika."

"Wala hakuwa amechoka kama mimi," akasema Punda, akajilaza palepale. Ng'ombe naye akalala kando yake.

Dubu alinguruma mpaka sauti ikamkauka. Siku ya tatu, mahindi yakiwa yamerundikana hadi mlangoni, alisalimu amri: siku ya saba kinu kisizunguke.

Punda hakushangilia. Siku yake ya kwanza ya mapumziko aliimaliza yote kwa usingizi, na kesho yake akarudi kwenye nira akiwa bado hoi.

"Unawaza nini?" Ng'ombe alimuuliza.

"Hizi siku sita," akasema Punda. "Zina saa nyingi mno."