Mfupa wa Mwalimu Kunguru

Kunguru alifungua shule yenye amri moja: ndani ya uzio ni Kisimba tu, lugha ya simba. Mwanafunzi aliyeponyokwa na neno la kwao alivishwa mfupa shingoni, akakaa nao mpaka amnase mwenzake kwa kosa hilohilo.

Siku hiyo mfupa ulikuwa kwa Kanga, binti mpole ambaye jicho lake halikupitwa na kitu. Aliwaona siafu wakimjia mwalimu, aliyekuwa akinguruma huku ameelekea ubaoni. Akataka kusema, akaugusa mfupa, akanyamaza.

Siafu wakampanda Kunguru hadi mapajani. Akaruka na kulia kwa Kikunguru kitupu, "Mama yangu, nakufa!"

Alipomaliza kujikung'uta, akarudi kwenye Kisimba. "Kanga, uliwaona! Mbona hukusema?"

"Jina lao kwa Kisimba hujatufundisha bado, mwalimu. Na kwa Kikanga naogopa." Akauvua mfupa, akamsogezea kwa adabu. "Samahani, nadhani sasa ni zamu yako."

Kunguru akauvaa hadi jioni, wala hakumnasa yeyote.

Kesho yake somo la Kisimba lilianza kwa swali: "Haya, kwenu siafu mnawaitaje?"

Halikubaki bawa wala kwato chini.