Kitabu cha Wageni

Wino ulikuwa bado haujakauka binti alipokifunga kitabu cha wageni, akaketi kwenye benchi na kuiweka mikono mapajani kama mtu ambaye hajagusa kitu. Mama yake aliingia akihema. Hakuitazama saa kubwa ya stesheni ya zamani, wala picha za garimoshi la kwanza. Alikwenda moja kwa moja mezani, akakifungua kitabu na kuteremsha kidole ukurasa mzima, silabi kwa silabi.

Kidole kikasimama.

"Amepita," alisema. "Jumanne."

Binti alijitia kushangaa. Alikwisha kuzoea kujitia kushangaa.

Aliyetafutwa ni mdogo wake, kijana mchoraji, ambaye miaka mitatu iliyopita alibeba mkoba na karatasi zake, akaaga kwamba anakwenda kuchora majengo ya kale ya jimbo lao. Hakurudi, na simu yake haikupatikana tena. Mwaka jana walilikuta jina lake katika kitabu cha wageni cha mahakama ya zamani, la wiki ile ile aliyoondoka. Siku hiyo binti ndiye aliyelisoma. Mama, ambaye hakuijua hata a, aliupapasa mwandiko kama anayepapasa shavu la mtoto mchanga. Juma lililofuata alijiandikisha katika darasa la watu wazima. Alitaka, alisema, kumtafuta mwanawe kwa macho yake mwenyewe.

Lakini kwenye ngome jina halikuwepo, wala kwenye gereza la kale. Mama akaanza kushindwa kuinuka kitandani. Sahani zilirudi jikoni kama zilivyokwenda. Hapo ndipo binti alipojifunza kuuiga mwandiko wa mdogo wake, na kila Jumamosi akawa anatangulia hatua chache, eti kuulizia mlango.

Tangu hapo mama hakukalika. Chai aliinywa amesimama. Orodha ya majengo ya kale, aliyoibandika ukutani, aliisoma kila apitapo, utadhani yangehama. Na kabla ya kuondoka kila mahali aliandika jina lake naye, kazi iliyochukua muda wake: alichomoa kitana nyweleni, akakilaza juu ya karatasi, akapiga mstari kwa penseli, kisha akazipanga herufi juu yake moja moja. Ndivyo mwalimu alivyowazoesha.

"Mama, kitabu kina mistari yake," binti alimtania.

"Hiyo ni yao. Huu wangu."

Binti naye hakutulia, kwa sababu nyingine. Barua ya kumwita kazini, katika hospitali ya mji ulio mwendo wa siku mbili kwa basi, ilikuwa wiki ya tatu sasa juu ya kabati, imelaliwa na chupa ya chai. Ilitaka jibu kabla ya Jumatatu. Hakuificha; katika nyumba ile hakuna aliyewahi kuwa na haja ya kuficha karatasi. Wala hakumwambia mama. Angeondoka, nani angetangulia mlangoni? Sahani zingeanza tena kurudi zimejaa. Aliazimia kuiacha Jumatatu ipite kimya kimya.

Alhamisi mama alichelewa kurudi kutoka darasani, viatu vimejaa vumbi jeupe hadi vifundoni. Alipoulizwa, alijibu kwamba siku hiyo mwalimu aliandika mpaka akazimaliza chaki zote. Binti alicheka, akamletea maji ya kunawa.

Jumamosi walikwenda mahali pa mwisho katika orodha: tanuri la kale la chokaa, ng'ambo ya machimbo. Ardhi yote ilikuwa nyeupe kama iliyonyunyiziwa unga. Langoni mlinzi alimtazama mama, akatabasamu, akafungua kinywa. Mama akamwahi kwa kumwomba maji ya kunywa, akaandamana naye hadi bombani. Kwa mara ya kwanza tangu waanze safari hizo, hakuwa na haraka.

"Tangulia, mwanangu," alisema bila kugeuka. "Mimi miguu yangu imechoka."

Binti alitembea upesi, nusura akimbie. Ndani ya kibanda kulikuwa na meza moja, kalamu iliyofungwa kwa uzi, na kitabu. Alikifungua, kalamu tayari mkononi, akatafuta nafasi ya kupenyeza jina katikati ya wageni wa juzi.

Jina la mdogo wake lilikuwepo.

Alilisoma mara ya pili, na ya tatu. Miaka mitatu, na yu hai, na alisimama hapa hapa siku mbili tu zilizopita! Macho yake yalikimbilia kwenye safu ya maoni, akasoma: *Mimi mzima. Dada aende kazini.*

Ndipo alipoinama karibu zaidi. Herufi zilikuwa kubwa, kila moja imesimama peke yake, na chini yake, juu ya mstari wa kitabu, ulipita mstari mwingine mwembamba wa penseli.