Kila Kizazi Mmoja

Kikombe cha Fundi kilikuwa cha plastiki, kimepakwa rangi nyekundu kitakoni ili mtu asije akakosea akakinywea. Aliyekipaka ni mdogo wake wa tumbo moja, Kitinda.

Daktari alishasema ugonjwa ule hauambukizi. Lakini nyumba ile haikuamini ugonjwa, iliamini mzimu. Bibi yao alianza kwa kutetemeka mikono, akaishia hajui hata sura za wanawe. Mama yao akafuata njia ileile, akafa akiwa na miaka arobaini na minne. Na Mjomba, kaka wa mama, mtu aliyejua kila kitu isipokuwa kunyamaza, alilisema matangani mbele ya watu:

"Kila kizazi huchukua mmoja. Ulimchukua mama yangu, ukamchukua dada yangu, mimi ukaniacha. Sasa mmebaki wawili. Mtajijua wenyewe."

Maneno yale yalimwingia Kitinda mifupani. Alikuwa msusi, tena msusi wa kusubiriwa foleni. Mwezi haukwisha, vidole vyake vikaanza kucheza. Nywele zikawa zinamponyoka, wateja wakahama mmoja mmoja. Chakula hakikupita, usingizi haukuja. Alikonda akabaki macho, akishinda kuitazama mikono yake kama mtu anayemvizia mwizi.

Fundi, ambaye alishona nguo na kumlea mdogo wake tangu mama alipoanza kuugua, alimkokota hadi hospitali. Wakatolewa damu wote wawili. Siku ya majibu Kitinda hakuweza hata kusimama, basi Fundi akaenda peke yake.

Alirudi mchana. Akavua viatu, akakaa, akakunja mikono mapajani.

"Ni mimi," alisema. "Wewe uko salama."

Kitinda alilia sana. Baadaye kila alipoikumbuka siku ile, hakuwa na hakika kama alimlilia dada yake au alilia kwa raha.

Baada ya wiki mbili vidole vilitulia. Akarudi kusuka, akanawiri, akaolewa, akazaa wawili. Mjomba alitamba mtaa mzima: "Si niliwaambia? Mzimu ukishampata wake, waliobaki wanapona!"

Upande wa Fundi mambo yalikwenda mrama. Mchumba wake, seremala mpole, alivumilia miezi mitatu, mpaka ndugu zake walipomwuliza kama anaoa mke au anaoa msiba. Hakuonekana tena. Wateja nao wakajiuliza nani avae nguo iliyopita mikononi mwa mzimu. Akahamia chumba cha uani kwa mdogo wake, akawa anashona mapazia ya watu wasiomjua.

Hakulalamika. Wageni wakiwepo, alimwaga chai kidogo, kijiko kikagonga kisahani, Mjomba akatikisa kichwa kwa kuridhika. Lakini asubuhi moja Kitinda alipita dirishani kwake akamwona akitunga uzi kwenye sindano, mara moja tu, bila kukosea. Leo mzimu umempumzisha, alijisemea, akaenda zake kazini.

Siku nyingine mtoto mkubwa alimkimbilia Fundi ili apakatwe. Kitinda akamnyakua hewani.

"Dada, wanangu usiwashike."

"Haya, mdogo wangu," Fundi alisema, mikono ikiwa bado imenyooshwa.

Mwaka wa kumi na moja tangu majibu yale, Fundi alishikwa na kikohozi, halafu homa, halafu maumivu ya mbavu. Siku ya nne alimwita Kitinda.

"Nipelekeni hospitali. Hii ni homa tu."

"Dada, tusidanganyane. Mama naye alisema hivyohivyo."

Mjomba alikuwa amesimama mlangoni. "Lililoandikwa halifutiki. Hospitali ya mizimu iko wapi?"

"Homa naijua mimi," Fundi alisema. Alifungua kinywa kama mwenye neno jingine. Akamtazama mdogo wake kwa muda mrefu, jinsi mashavu yalivyomjaa, jinsi mikono ilivyotulia kiunoni. Akakifunga.

Siku ya kumi na mbili hakuamka. Mume wa Kitinda akaona aibu mtu kufia uani kwake, akaita gari. Walifika hospitali saa nne asubuhi. Saa tano Fundi alikuwa amekwisha kukata roho.

"Mlimweka nyumbani siku ngapi?" muuguzi aliuliza.

"Kumi na mbili."

Muuguzi aliinua macho kutoka kwenye daftari. "Na wewe ni nani wake?"

Kitinda alitazama chini. "Jirani," alisema.

Wakamwambia asubiri kwenye benchi. Baadaye akaja daktari mzee, ameshika faili lililopauka.

"Kichomi," alisema. "Angeletwa siku ya tatu, saa hizi angekuwa kwenye cherehani yake. Wenyewe walikuwa wanangoja nini?"

"Daktari, huyu alikuwa na ule ugonjwa wa ukoo wao."

"Nani kakwambia?" Daktari alifungua faili, akapitisha kidole kwenye karatasi. "Damu yake ilikuwa safi. Majibu nilimpa mimi mwenyewe, kwa mkono wangu."

Alilifunga faili, akaketi kando yake.

"Walipimwa wawili, yeye na mdogo wake, msusi. Nilitaka nimwite huyo mdogo nimweleze, dada mtu akapiga magoti hapa, akanisihi nimwachie yeye. Sasa msichana yule atakuwa anakaribia arobaini. Wewe jirani utakuwa unamjua. Bado mzima?"