Paa Lisilovuja

Kathure, mkemia, aliinua macho kutazama paa la mwenyeji wake, akautambua utando wake wa kuchujia maji. Ulikuwa umeshonwa kwa uzi wa gunia juu ya fito.

Ujana wake wote uliishia maabarani, akiutafutia utando huo vitundu vya kuzuia chumvi na kupitisha maji matamu yakisukumwa na mtambo. Sasa aliyaangalia matundu ya sindano. Hakusikia uchungu wala hasira.

"Ule mtambo wetu wa kisima uliharibika lini, mama?" alimuuliza mwenyeji.

"Zamani." Mama akamjazia kikombe cha chai.

Chai ilikuwa na chumvi ile ile ya visima vya Sericho. Kathure akainywa yote.

"Lakini hii kitu yenu ni nzuri sana, daktari," mama alisema kwa furaha. "Mvua ikinyesha, maji haipiti hata tone."